Nenosiri Kwenye Pepeo Mia Tatu

Jumatatu, 4 Novemba

Siku ya ishirini na tatu tangu harusi. Wening ameniwekea yai la kukaanga juu ya wali na kulichora uso kwa mchuzi wa soya. Uso unacheka. Nimelikodolea macho hadi likapoa. Nani angeweza kulila yai kama hilo? Nimelila. Lilikuwa tamu.

Mke wangu! Nimeandika maneno hayo mara tatu pembeni mwa ukurasa nione yanavyopendeza. Yanapendeza.

Dosari moja tu katika furaha hii yote: mama mkwe. Tunaishi nyumbani kwake, chumba cha mbele, na bado ananiita Nak Tulus, kama mgeni aliyekuja kuulizia njia. Mama wa Kijava akimpenda kijana humwita Le, basi, kana kwamba amemzaa yeye. Muuza mboga anaitwa Le. Fundi wa bomba anaitwa Le. Mimi, Nak Tulus. Lazima nifanye jambo.

Jambo limejitokeza leo leo! Pak RT, mkuu wa mtaa wetu, alipita akilalamika. Wazee watapimwa afya ukumbini mwisho wa mwezi, kila nyumba ijiandikishe, na watu wamechoka kutoa fotokopi. Fotokopi ya kitambulisho, fotokopi ya kadi ya familia, fotokopi ya fotokopi. Nikasikia kinywa changu kikisema kwamba nitatengeneza tovuti, watu wajaze kwenye simu. Pak RT akauliza kama najua kutengeneza tovuti. Nikamwambia, Pak, huu ni mwaka wa nne nauza vifuniko vya simu. Akaridhika.

Akaninong'oneza kwamba mtaa unahitaji katibu wa mambo ya mtandao. Katibu! Wening alikuwa mlangoni, anatabasamu. Wakati ule ningeweza kuutengenezea tovuti hata mwezi.

Jumatano, 6 Novemba

Imekamilika! Siku mbili tu, kwa kufuata video ya bwana mmoja mwenye kikohozi.

Maswali ishirini na saba. Mwanzoni yalikuwa matatu: jina, umri, saa utakayokuja. Yakaonekana makavu. Fomu ya serikali ina maswali mengi, ndiyo maana watu huiheshimu. Nikaongeza nambari ya kitambulisho, picha ya kitambulisho, nambari ya kadi ya familia, kundi la damu, na jina la mama mzazi kabla hajaolewa. Hilo la mwisho nililinakili kwenye fomu ya benki. Linaipa fomu uzito.

Wening anafanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya meno. Anashinda na siri za watu kutwa, na ukimuuliza nani kang'olewa jino, hakuambii. Alisoma maswali yangu na nyusi zikapanda. Akauliza, kupima shinikizo la damu kunahitaji jina la mama wa mtu kwa nini? Nikasema ni utaratibu. Akauliza, utaratibu wa nani? Ana nyusi nzuri mno.

Akauliza pia kama mahali pa msimamizi kuingilia pana nenosiri madhubuti. Nikamwambia, mpenzi, hata mlango wa benki hauoni ndani. Sikumtajia. Hapa naweza kuliandika, maana hii ni shajara yangu: jina lake na tarehe ya harusi yetu. wening12102024. Herufi na nambari! Na mapenzi, ambayo hakuna mwizi anayeweza kuyakisia.

Mama mkwe alijaza fomu jikoni, kiganja kimeifunika simu kama mwanafunzi anayemzuia jirani asiibe majibu. Alipomaliza alicheka peke yake. Nimefurahi sana. Anaipenda tovuti yangu.

Ijumaa, 8 Novemba

Asubuhi ushindi, adhuhuri msiba.

Asubuhi: nyumba zote arobaini na moja zimejaza. Pak RT amenipigia kunipongeza. Ameniita Mas Katibu, yaani Kaka Katibu!

Adhuhuri: ujumbe kutoka kwa Yudanto.

Yudanto ana duka la fotokopi karibu na msikiti. Kabla sijaja mimi, alimletea mama mkwe martabak, chapati nene ya nyama, kila Jumamosi kwa nusu mwaka, akidhani njia ya kwenda kwa Wening inapita tumboni kwa mama yake. Anapaka nywele mafuta. Sitasema zaidi.

Ujumbe wenyewe ulikuwa picha ya upepeo wetu wa harusi. Kila mgeni wa harusi huku lazima arudi nyumbani na kumbukumbu mkononi. Wengine hugawa taulo, wengine miiko. Sisi tuligawa pepeo. Mia tatu! Upande mmoja ua la jasmini, upande wa pili majina yetu na tarehe, kwa herufi za dhahabu. Chini ya picha Yudanto ameandika: "Asante kwa zawadi, Mas. Nimeingia nayo."

Nilisimama katikati ya vifuniko vya simu. Nenosiri langu linaning'inia kwenye kila jiko mtaani. Linapepea makaa. Pak RT anafukuzia nzi kwa nenosiri langu.

Nikafunga duka, nikamfuata. Nikamwambia huo ni wizi. Akasema wizi gani, alijaribu mara moja tu, tena kwa mkono mmoja, wa pili ulishika chai. Akasema ameona orodha ya majina, akafunga, hakusoma zaidi, na wallahi katika hilo macho yake hayakupepesa. "Lakini, Mas Tulus, umefunga mlango kisha ukatundika ufunguo kwenye misumari mia tatu. Badilisha leo. Na hayo maswali yafute, watu wakiyapata hayo wanajifanya wewe kabla hujamaliza kunywa maji."

Njiani nikamkumbuka mama mkwe. Akiba yake ya hija! Miaka kumi na mmoja anasubiri zamu. Benki ikimpigia kuhakikisha kwamba ni yeye, inamuuliza swali moja: mama yako aliitwa nani kabla hajaolewa? Swali la kumi na tisa kwenye fomu yangu.

Nitabadilisha nenosiri? Kwa ushauri wa bwana martabak? Kamwe. Nina mpango bora.

Jumamosi, 9 Novemba

Karatasi! Hakuna anayeweza kuingia ndani ya karatasi kwa nenosiri. Nashangaa wataalamu wa dunia hawajaligundua hili.

Nilivaa koti la mvua nikaendesha pikipiki hadi ng'ambo ya mji, kukwepa duka la Yudanto. Nikachapisha kila kitu. Karatasi arobaini na moja, kila nyumba yake moja, karatasi nene, nzuri. Sikusoma hata mstari. Mimi ni mtu wa heshima. Nilifumba macho. Nikamwomba na binti wa dukani afumbe. Akauliza, sasa nitabonyeza wapi, Mas? Tukakubaliana afumbe moja.

Kisha nikafuta kila kitu kwenye tovuti. Nenosiri sasa linalinda ukurasa mtupu. Aingie tu na upepeo wake!

Karatasi nimezificha mahali ambapo hata mimi nimejistaajabia. Ndani ya kopo la biskuti, juu ya kabati la jikoni. Kila nyumba huku ina kopo hilo la bati, na hakuna mtu aliyewahi kukuta biskuti humo tangu lilipoletwa. Huwekwa mikate mikavu ya wali ya kukaanga. Na letu lilikuwa tupu tangu Idi. Mwizi gani atapoteza muda kufungua kopo ambalo dunia nzima inajua halina biskuti?

Nilimwambia Wening nimehamishia mambo yote mahali ambapo mtandao haufiki. Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso kuangalia kama nina homa. Kiganja chake! Laiti ningekuwa na homa.

Jumatatu, 11 Novemba

Naandika kwa vidole vyenye mafuta. Ukurasa unisamehe.

Saa nne asubuhi njaa ilinishika. Nikaenda kwa Bu Tuminem, muuza bajia wa njia panda. Bajia nne za tempe, ile soya iliyochachuliwa, na pilipili mbichi. Akazifunga kwenye karatasi kuukuu kama kawaida. Mtaani kwetu kila karatasi iliyomaliza kazi huishia kwake, mitihani ya watoto, barua za kata, yote. Nikala ya kwanza. Nikala ya pili. Chini ya ya pili, katikati ya doa la mafuta, Pak RT alikuwa ananitazama.

Picha ya kitambulisho chake. Kundi la damu B. Mama yake mzazi aliitwa Ngatiyem.

Ningezimia, lakini nyuma yangu kulikuwa na foleni.

Bu Tuminem akanieleza kwa furaha tele. Mama mkwe wako, Mas, ana moyo wa dhahabu. Jana alikaanga mikate ya wali, akatafuta pa kuiweka, akafungua kopo, akakuta karatasi. Akaniletea zote, nami nikampa mfuko wa bajia. "Karatasi za maana hizi! Hazivuji hata tone!"

Hazivuji!

Nikasema nazitaka. Akasema, na mimi nifungie nini, kanga yangu? Nikakimbia nyumbani nikarudi na daftari zangu zote za sekondari, kidato cha kwanza hadi cha mwisho. Tukabadilishana. Hesabu hatimaye zimenifaa kitu. Thelathini na mbili zilikuwa bado kwenye rundo, zimelaliwa na jiwe. Moja mkononi mwangu. Nane ziko mtaani zimebeba bajia za watu.

Nane! Nikabuni mradi papo hapo. Mradi wa Mtaa Safi: nakusanya karatasi za bajia nyumba kwa nyumba, kwa ajili ya mazingira. Mke wa Pak RT akauliza tangu lini takataka zake zina wapenzi. Mzee Mbah Karto akakataa kutoa ya kwake kwa kuwa ina makombo bado, na makombo ndiyo anayoyapenda. Nikamnunulia bajia mpya. Mama mwingine alikuwa ameweka yake chini ya mguu wa meza inayocheza. Nikainua meza. Na huku huwezi kuingia nyumba ya mtu ukatoka mdomo mkavu, ni matusi. Nimekula bajia kumi na nne, vikombe sita vya chai ya sukari, na kitu cha kijani.

Kufikia magharibi nilikuwa na saba. Nikazipanga sakafuni, nikalinganisha na orodha ya Pak RT. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

Inayokosekana ni ya mama mkwe.

Jumanne, 12 Novemba

Mwezi mmoja wa ndoa! Wening aliamka mapema akanunua keki ndogo yenye maua mawili ya sukari. Moja yeye, moja mimi. Nilitazama lile ua langu, nikaona limeinama. Nikamwambia yote. Upepeo, kopo, bajia, meza.

Hakupiga kelele. Aliweka kijiko chini taratibu. Heri angelipiga kelele. Nikamsihi asimwambie mama hadi niipate ile karatasi, nipewe siku moja tu, nitaanza na mapipa ya taka. Akasema, "Mas, siri ni ya Mama, si yako. Mwenye siri ndiye wa kwanza kuambiwa imepotea. Benki iko wazi saa hizi. Inuka."

Nikainuka. Tukaenda jikoni. Mama mkwe alikuwa anamenya vitunguu. Nikafungua mdomo. Pikipiki ikasimama getini.

Yudanto! Nywele zinang'aa. Mkononi karatasi iliyokunjwa, yenye mafuta. Jana alinunua bajia za tofu, asubuhi ndiyo kaona zimefungwa na nini. Akasema kwa adabu zote, "Bu, hii nadhani ni yako," akaiweka mezani, na wala hakunitazama. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mimi nikapiga magoti. Kweli, sakafuni, kwenye maganda ya vitunguu. Nikasema Bu, nisamehe, nimeiweka hija yako hatarini, kila kitu kiko hapo, nambari yako, mama yako, twende benki sasa hivi, nitakuendesha polepole.

Mama mkwe akafuta mikono. Akaifungua karatasi. Akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia. Akampa Yudanto, akamwambia asome kwa sauti, tusikie wote.

Yudanto akasafisha koo. "Nambari ya kitambulisho: Iko mkobani mwangu. Kundi la damu: Jekundu. Nambari ya kadi ya familia: Familia yangu naijua bila kadi. Picha ya kitambulisho..." Akaigeuza karatasi. "Ni bata."

Nikauliza, bata?

"Bata, Mas. Amesimama kwenye ndoo."

"Endelea," akasema mama mkwe.

"Jina la mama yako mzazi kabla hajaolewa: Kamuulize mwenyewe."

Bibi huyo yuko kaburini mwaka wa ishirini huu!

Mama mkwe alicheka hadi akashika meza. Akasema siku aliyofungua akaunti ya hija, binti wa benki alimwinamia akamwambia, Bu, jina la mama yako ni ufunguo, usimpe mtu, hata ndugu. Akamuuliza, hata mkwe, siku nikimpata? Binti akajibu, hasa mkwe.

Hakuna kilichopotea! Hakuna! Si nambari, si jina, si hija! Nilihisi mifupa yangu yote ikilegea kama tambi zilizokaa sana kwenye maji ya moto. Nikalia. Wening akacheka na kulia pamoja, mrembo kwa vyote viwili. Hata Yudanto alikatiwa keki, kipande kidogo, kisicho na ua.

Mama mkwe akaniuliza jambo moja tu: kama kitu ni cha thamani, kwa nini ukakilaze kwa mikate ya wali? Akanisogezea sahani. "Kula, Le. Umekonda kwa bajia."

Le!!! Nimelitia duara la wino mwekundu.

Jumatano, 13 Novemba

Wening hakuniachia. Tumepita nyumba zote arobaini, yeye na mimi, kumwambia kila mtu ukweli: tuliuliza tusiyoyahitaji, tukayatunza vibaya, yakatoka, yamerudi yote. Masikio yangu yalikuwa ya moto hadi nyumba ya kumi, kisha yakazoea. Mbah Karto aliuliza kama Mradi wa Mtaa Safi umekufa. Nilipomwambia umekufa alihuzunika, kwa ajili ya bajia. Mke wa Pak RT alisema alijua tu, hakuna mwanaume anayependa mazingira kiasi kile. Tumewashauri wote waziambie benki zao, kwa tahadhari, na wakipigiwa simu ya ajabu wakate.

Kisha tukazichoma zile karatasi kwenye jiko la mkaa. Chai tuliyochemshia hapo ilikuwa na ladha ya ukombozi. Kidogo na ya tempe.

Ukatibu amepewa Wening. Pak RT alinieleza kwa upole, akijipepea. Sina kinyongo. Nimelala na katibu!

Katibu ametengeneza fomu mpya. Maswali matatu: jina, umri, saa utakayokuja. Baada ya vipimo yote yatafutwa. Na nenosiri jipya tumelitunga pamoja, maana anasema liwe refu, la maneno yasiyohusiana, ambayo hayajaandikwa mahali popote duniani. Akayachagua kutoka siku tuliyokutana. Mvua ilinyesha, alikuwa na mwavuli, nilimkanyaga mguu wa kushoto mbele ya muuza matunda, nikamwambia neno langu la kwanza. Kwa hiyo: mwavuli kushoto stafeli samahani.

Nimeshindwa kulala vizuri. Maneno manne, na maisha yangu yote yamo humo. Ni shairi!

Jumamosi, 16 Novemba

Mambo shwari! Watu hamsini na watatu wamejiandikisha, hakuna aliyelalamika, benki hazijapiga simu, mama mkwe ameniita Le mara tisa wiki hii (nahesabu). Leo aliniita Le akiwa amekasirika, kwa sababu ya viatu vyangu mlangoni. Kukasirikiwa kama mtoto wa nyumbani! Nilienda kuvitoa nikiimba.

Jambo moja tu lilinikera: deni la heshima kwa majirani. Samahani ya mdomo ni hewa. Huku mtu akikukosea hukuletea kitu cha kushika mkononi. Nikawaza. Nikapata! Vikombe. Kila nyumba kikombe kimoja, cheupe, chenye moyo mwekundu, na chini ya moyo maneno machache mazuri yatokayo ndani kabisa. Maneno gani? Swali gani hilo! Ninayo manne, mazuri kuliko yote niliyowahi kuyasikia, na la mwisho ndilo hasa ninalotaka kuwaambia.

Wening hajui. Nataka ashtuke kwa furaha.

Mtaani hakuna mwingine anayechapisha kwenye vikombe ila Yudanto, na tangu Jumanne tuna amani. Nikampa karatasi yenye maneno. Akaisoma. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia mtu aliyeoa ana hakika siku zote. Akauliza vingapi. Nikasema arobaini na moja. Akakuna nywele zake za mafuta, akanitazama muda mrefu, kama mtu anayeona pikipiki ikielekea mtaroni, akauliza maneno haya yana maana gani.

Nikatabasamu. Nikamwambia hiyo ni siri.